Pikipiki ya Bati na Miguu ya Shangazi Ceferina

Shangazi yangu Ceferina Yujra ana urefu wa mita moja na sentimita arobaini na saba. Yeye husema arobaini na tisa, lakini hizo mbili ni nywele. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa nesi wa zahanati za vijijini huku nyanda za juu, na miaka yote hiyo serikali ilimpa pikipiki ileile, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, iliyochakaa mpaka watu wakawa wanabishana ilikuwa ya rangi gani. Aliiendesha na sanduku la chanjo nyuma, mvua ya mawe usoni, na mbwa wa kila kijiji wakimfukuza. Kuanzia Calamarca mpaka Umala hakuna mtoto ambaye hakuwahi kuingia chini ya kitanda aliposikia mlio ule.

Siku aliyostaafu walimpa cheti, keki na saa ya ukutani, kisha wakamwomba ufunguo. Alirudi kwetu El Alto, mji ulio juu ya La Paz, na saa imepakatwa mapajani ndani ya basi.

"Miaka thelathini na moja nimekwenda nilikotumwa," aliniambia. "Ninakotaka mwenyewe sijaenda hata siku moja."

Anakotaka ni Tupiza, kusini kabisa, kilomita mia saba na kitu, kwa dada yake Griselda ambaye angetimiza miaka sabini tarehe kumi na mbili Mei. Mabasi yapo, tena yana vitambaa vya maua madirishani. Usimwambie habari za mabasi. Alitaka kufika kwa pikipiki yake, na sanduku lililojaa vitu vyake badala ya sindano, akisimama anapotaka kusimama. Na alitaka mwaka huu, kwa sababu daktari wa mifupa alishalitazama goti lake la kushoto na kunyamaza muda mrefu kuliko inavyopendeza.

Binamu yangu Wilmer, mwanawe anayeishi Santa Cruz, alikuwa na maoni yake, na huyatoa kwa simu kila Jumapili.

"Mama, una miaka sitini na nne. Nunua mashine ya kufulia, upumzishe mikono."

Mwishowe Shangazi aliweka ahadi mbele ya ukoo mzima, mezani, kijiko mkononi. "Kama Kanivali itafika sijapata pikipiki ninayoimudu mwenyewe, bila mtu wa kunishikia, nanunua hiyo mashine ya kufulia. Na hamtanisikia tena nikitaja magurudumu."

Hapo ndipo nilipoingia mimi na kuharibu.

Tarehe ishirini na nne Januari, saa sita kamili mchana, watu wa La Paz na El Alto wote wako barabarani wakinunua vitu vidogo. Mwenye hamu ya nyumba hununua nyumba ya plasta, mwenye hamu ya mume hununua jogoo, na mwenye hamu ya digrii hununua cheti cha ukubwa wa stempu. Mimi nimenunua viwili, na bado. Mzee wa ubani akishakifukiza, akakimwagia pombe kali na maua, kitu hicho huwekwa nyumbani mbele ya Ekeko, yule mungu wetu mnene mwenye masharubu na mizigo mpaka shingoni, naye ana mwaka mzima wa kukuletea kile kikubwa. Na kila mtu anajua kwamba kitu ulichonunuliwa na mwingine kina nguvu zaidi kuliko ulichojinunulia. Kwa hiyo pikipiki ya Shangazi ilikuwa juu yangu.

Nilikwenda kwenye kibanda cha Don Serapio Limachi, fundi bati, ambaye hutengeneza malori na mabasi ya kukaa kiganjani. Alikuwa na pikipiki za aina tano. Nikaona moja nyekundu, ndefu, magurudumu makubwa, pua kama ya tai, masanduku matatu yanayofunguka kwelikweli. Niliipenda mpaka nikasahau nani ataipanda.

"Ya nani hii?" aliuliza Don Serapio akiifunga gazetini.

"Ya shangazi yangu."

"Mwanamke mrefu?"

"Ana moyo mkubwa," nikasema, na nikacheka peke yangu.

Shangazi aliipokea ikiwa bado inanuka ubani, petali zimenasa kwenye matairi. Aliigeuza, akaiweka kwenye meza, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na kiti.

"Ni ndefu."

"Ni ya bati, Shangazi."

"Imebarikiwa, Jhovana. Basi ndiyo hiyohiyo."

Usicheke. Mama yangu aliwahi kupewa nyumba ya plasta yenye paa la kijani. Miaka minne baadaye nyumba ya kweli ilipopata mabati mekundu, hakulala humo mpaka baba alipopanda na ndoo ya rangi ya kijani. Kwetu huwezi kuomba kitu halafu ukaanza kuchaguachagua.

Kwa hiyo Jumatatu tukaenda mtaa wa maduka ya pikipiki kutafuta nyekundu ndefu yenye pua ya tai. Ilikuwepo, bahati mbaya. Muuzaji aliitwa Ronal, kijana aliyepaka mafuta ya nywele ya kutosha kulainisha mnyororo.

"Doña, umechagua mashine ya wanaozunguka dunia," alisema. "Kiti kipo sentimita themanini na sita tu kutoka chini."

"Tu," akasema Shangazi.

"Utaizoea. Vaa buti zenye kisigino."

Akamletea kreti ya bia apandie. Shangazi akapanda kreti, akarusha mguu, akakaa. Miguu yote miwili ilining'inia, kila mmoja upande wake, kama soksi kwenye kamba. Nikauliza kama kreti inauzwa pamoja na pikipiki, maana Tupiza sijui kama zipo. Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa anaangalia mbele.

Ukweli lazima usemwe: ikishaondoka, aliiendesha vizuri kuliko yeyote aliyekuwa pale. Alizunguka mtaa mgongo umenyooka, akibadilisha gia bila kuisumbua. Pikipiki haijui urefu wako wakati inakwenda. Tatizo ni kusimama. Kwenye kona ya pili lori la gesi lilimzuia, na pale lami imeinama kushoto. Niliuona mguu wake wa kushoto ukishuka, ukatafuta, ukatafuta tena. Ardhi ilikuwa chini zaidi kwa vidole vinne. Kilo mia mbili na ishirini zikalala polepole, kama ng'ombe aliyeamua kupumzika, na Shangazi akatoka pembeni yake na mchubuko wa kiwiko.

Akajaribu kuinua. Haikusogea. Wakaja wanaume watatu, wakahesabu moja mbili tatu, wakaisimamisha. Mmoja wao alimpangusa vumbi begani kwa upole kabisa.

"Pole, bibi. Hii mwachie mjukuu."

Angemtukana ingekuwa nafuu.

Nyumbani aliichukua pikipiki ya bati akaigeuza ikatazama ukuta. Asubuhi nilimkuta na kikombe cha api, uji wa moto wa mahindi, na karatasi ya matangazo.

"Kilo tisa," alisoma. "Inakausha pia."

"Shangazi."

"Ina programu ya sufu."

Ningevumilia angelia. Sauti ile ya kusoma matangazo ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia kosa ni langu, nilichagua kwa macho.

"Kila mtu anachagua kwa macho," alisema. "Halafu nyonga ndizo zinazoteseka." Akakunja karatasi. "Twende kwa huyo fundi bati."

"Kufanya nini? Kitu kilichobarikiwa hakirudishwi."

"Sirudishi. Nakwenda kulalamika."

Maonyesho ya vitu vidogo huendelea kwa wiki kadhaa, kwa hiyo Don Serapio alikuwa bado palepale, mkasi wa bati mkononi, miwani imefungwa kwa uzi. Shangazi aliiweka pikipiki mbele yake kama anayeweka sampuli ya mkojo.

"Hii imeniangusha mbele ya watu."

Don Serapio alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, safari fupi, kisha akanitazama mimi.

"Moyo mkubwa, eh?" alisema. Nikajifanya naangalia mabasi. "Doña, mwendeshaji yuko wapi?"

"Mwendeshaji gani?"

"Huyu." Akagonga kiti kitupu kwa kucha. "Umeomba pikipiki, hukuomba mtu juu yake. Ekeko atajuaje ni ya nani? Anaweza kudhani ni ya Mjerumani."

Akachukua kopo la maziwa, akakata, akakunja. Kwa dakika kumi akatoa mwanamke wa bati mwenye kofia ngumu na koti, kifua mbele, mfupi, asiye na mchezo. Shangazi alikaza midomo asitabasamu. Fundi akamketisha kwenye pikipiki, na miguu ya bati ikaning'inia hewani vilevile.

"Mrefushe miguu," nikashauri.

"Na huyu hapa nitamrefusha kwa kitu gani?" aliuliza, akimwonyesha Shangazi kwa mkasi. "Mimi naanzia kwa mtu, binti. Bati ndilo linalokatwa."

Akaivunja. Ile pua ya tai ikaenda, magurudumu akabadilisha na ya basi dogo, kiti akakikunja chini na kukibana mbele kiwe chembamba, usukani akauvuta karibu na kifua. Sanduku moja tu alibakisha, la nyuma. Alipolehemu mara ya mwisho, buti zote mbili za bati ziligusa meza. Ilikuwa na umbo la ndama. Shangazi akaisukuma kwa kidole; haikuyumba.

"Sasa inasimama," alisema.

Tukampelekea mzee wa ubani, na Shangazi, ambaye hana kipaji cha kudanganya, akamweleza kila kitu, hata kwamba huenda tunamchezea Ekeko.

Mzee akapuliza makaa. "Mama, umewahi kumtazama Ekeko? Mwenyewe ni mfupi. Miguu yake haifiki popote. Atakuelewa kabla hujamaliza sentensi."

Kuanzia hapo Shangazi alitafuta pikipiki jinsi alivyokuwa akikagua zahanati. Alijipima upande wa ndani wa mguu kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia kwenye paja mpaka kisigino, akiwa amevaa mabuti yake ya kazi, si viatu vya dukani. Akabeba lile sanduku lake kuukuu la chanjo, akalijaza viazi kilo kumi na mbili, na kila pikipiki aliyoonyeshwa tulilifunga nyuma kwanza. "Tupu inadanganya," alisema. Kisha alikaa. Hakukaa dakika moja kama watu. Alikaa nusu saa. Kwenye duka moja alitoa supu yake ya chairo kwenye bakuli la plastiki akala mchana wote juu ya kiti, mpaka mwenye duka akamuuliza kama amletee na chumvi.

"Ilete," akasema Shangazi. "Na mgongo wangu unasema hapana. Miguu inakaa mbele mno. Unakaa kama unayenyolewa."

Ile ilikuwa pikipiki ya chini kabisa, ya kuvutia, kama za kwenye mabango. Mimi nilidhani chini ndiyo dawa. Kumbe chini pekee haitoshi: kila shimo lilipanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na ilikuwa nzito kuisukuma nyuma kama kabati. Nyingine ilikuwa nyepesi lakini inahema. Huku kwetu hewa ni chache, na kabureta ikichoka, mlima unakuchungulia tu. Nyingine kiti kilikuwa chini, ila kipana kama meza, kikitanua mapaja mpaka mguu unashindwa kufika chini. Nilianza kuelewa kwamba namba wanazoandika kwenye karatasi ni za kiti, si za mtu.

Wiki mbili zikaisha. Kanivali ilikuwa imebakiza siku tisa, na Wilmer alikuwa ameshaanza kutuma picha za mashine za kufulia, kila moja na moyo mwekundu pembeni.

Alhamisi tukaenda soko la Julai Kumi na Sita, ambako ukitafuta vizuri unaweza kupata hata nusu ya ndege. Kati ya muuza milango na muuza vioo vya magari alikuwa amekaa mzee mmoja, Don Hilarión, mwalimu mstaafu, na nyuma yake pikipiki ya rangi ya haradali. Silinda mbili ndogo, cc mia mbili na hamsini, kiti cha chini, usukani uliopinda kuelekea kwa dereva. Niliitazama na nikajua nimeiona mahali. Ndama.

"Mbona unaiuza?" Shangazi aliuliza.

"Nyonga, doña. Nimewekewa ya chuma. Mke wangu anasema chuma kimoja kinatosha nyumbani."

Akacheka mwenyewe, ila mkono wake ulikuwa bado juu ya tangi.

Tukafunga viazi. Shangazi akapanda bila kreti, bila mtu. Mguu wa kulia ukakaa chini wote, kisigino na vidole. Wa kushoto ukafika nusu. Alikaa nusu saa. Alikula maandazi mawili ya jibini. Aliisukuma nyuma, kisha mbele, kisha nyuma tena kwenye mwinuko kati ya milango na vioo, na muuza vioo akaanza kusali.

"Ngoja," akasema. "Jhovana, tandika blanketi."

"Blanketi la nini?"

"Tandika."

Nikatandika upande wa kulia. Akashusha stendi ya upande wa kushoto, akavua koti, akashika usukani, na polepole, kwa makusudi, mbele ya mwenye mali, akailaza pikipiki chini.

Don Hilarión alitoa sauti kama puto linalotoka upepo. "Doña! Doña, nimeitunza miaka kumi na mbili!"

"Najua, kaka. Inaonekana. Usiiguse."

Watu wakakusanyika, kwa sababu El Alto mtu akiangusha hata kijiko watu hukusanyika. Vijana wawili wakasogea kusaidia.

"Rudini nyuma," Shangazi akasema kwa sauti ya chanjo. Wakarudi.

Akaipa mgongo. Akachuchumaa, makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini ya chuma cha nyuma, akavuta pumzi, akaanza kurudi nyuma kwa hatua ndogondogo, akisukuma kwa mapaja. Goti la kushoto lililia mpaka mimi nikalisikia. Pikipiki ikanyanyuka shubiri moja, ikasita. Nikauma kola ya sweta langu. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, na ile haradali ikapanda, ikasimama, ikaegemea stendi aliyoishusha kabla ili isipitilize upande wa pili. Viazi vyote vilikuwa ndani.

Kisha muuza milango akapiga makofi, na soko likafuata.

"Hii naiinua," Shangazi alimwambia Don Hilarión, akihema, uso umeiva kama nyanya. "Ile nyingine waliniinulia watatu. Hii ni yangu."

"Ni yako," alisema mzee, na macho yake yalikuwa na maji. "Ila nakuomba, usiilaze tena mbele yangu."

Kilichobaki kilikuwa kazi ya fundi wa viti, ambaye alipunguza sponji vidole viwili kwa mbele tu, akaacha nyuma laini, na sasa mguu wa kushoto nao unafika wote. Tulimpigia Wilmer Jumapili, siku ya Kanivali yenyewe, pikipiki ikiwa imevishwa karatasi za rangi na kumwagiwa bia kwenye kila tairi.

"Mama, na ikikuangukia?"

"Nitaiinua. Uliza soko zima."

"Mama..."

"Mashine ya kufulia ninunulie wewe, mwanangu. Nitaipokea kwa mikono miwili."

Mvua zilipokwisha, tarehe saba Mei, aliondoka. Sanduku la chanjo lilikuwa nyuma, limejaa jibini, soksi za alpaka za Griselda, na ile saa ya ukutani aliyopewa na serikali, zawadi ya siku ya kuzaliwa, "maana mimi sina haja ya kuangalia muda." Yule mwanamke wa bati alikuwa amefungwa kwenye usukani kwa waya, pikipiki yake ndogo chini yake. Wilmer alikuwa amekuja kutoka Santa Cruz kumzuia, akaishia kumkagulia upepo wa matairi.

Mchana ule simu yangu ililia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo mtupu.

"Jhovana. Nimesimama."

"Wapi? Kuna nini? Umeanguka?"

"Baada ya Challapata. Hakuna kitu."

"Pikipiki imeharibika?"

"Inanguruma vizuri kabisa, isikilize." Nikaisikia. "Kuna ndege wale wa rangi ya waridi kwenye maji, kama mia hivi. Miguu yote miwili iko chini."

"Sasa kwa nini umesimama, Shangazi?"

"Nimejisikia tu kusimama," alisema, na akakata simu, kwa sababu alikuwa na mambo yake ya kuangalia.